Ngiri: Usingoje Tundu Dogo

Nanganga ni mahali pa njia. Barabara ya kutoka Ruangwa inakutana hapa na barabara kuu ya kwenda Masasi. Wasafiri wanashuka, wanakunywa chai, wanaeleza habari za mbali. Moja ya habari hizo ni hii: huko mjini wagonjwa wa ngiri hawakatwi tena. Wanatobolewa matundu madogo tu, na kesho yake wanatembea.

Habari hii ina ukweli ndani yake. Lakini ukweli nusu unaweza kumponza mtu. Mwenye ngiri akiisikia, anaweza kusema: "Basi mimi sikatwi hapa. Nitangoja nipate fedha, niende Dar es Salaam nikatobolewe." Msimu wa korosho unapita, na mwingine unapita. Fedha inaingia na kutoka. Ngiri inabaki, tena inakua.

Leo tuzipime njia hizi mbili za upasuaji, moja baada ya nyingine. Maoni yangu nayasema mapema, ili ujue ninakokwenda. Kwa mtu wa Nanganga, Masasi au Newala, jambo kubwa si ukubwa wa tundu. Jambo kubwa ni kwenda mapema kwa fundi aliyeizoea kazi yake.

NGIRI NI NINI?

Fikiri gunia la korosho. Gunia likiwa zima, korosho zinatulia ndani. Mshono ukilegea mahali pamoja, korosho zinaanza kuchungulia nje. Ukilibeba gunia hilo, zinatoka zaidi.

Tumbo letu ni hivyo hivyo. Limezungukwa na ukuta wa nyama. Ukuta huo ukiwa na mahali dhaifu, utumbo au mafuta ya ndani yanasukumwa nje na kufanya uvimbe chini ya ngozi. Uvimbe huo ndio ngiri. Wengine huuita mshipa.

Ngiri nyingi hutokea kwenye kinena, yaani pale paja linapokutana na tumbo. Kwa mwanamume inaweza kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Nyingine hutokea kitovuni, au kwenye kovu la upasuaji wa zamani.

Dalili zake ni rahisi kuzijua. Ukisimama, ukikohoa au ukibeba mzigo, uvimbe unatokeza. Ukilala chali, mara nyingi unarudi ndani.

Usichanganye ngiri na busha. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Hayarudi tumboni ukilala. Huku kwetu kusini mabusha mengi yanaletwa na ugonjwa wa matende, unaoenezwa na mbu. Busha nalo hutibiwa kwa upasuaji, lakini ni upasuaji mwingine. Kama hujui una kipi kati ya hivi viwili, nenda zahanati ukapimwe. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote.

SI JAMBO LA AIBU

Wengi wanaificha ngiri kwa sababu ya mahali ilipo. Wanavaa nguo pana, na hata mke haambiwi. Ndugu msomaji, huko peke yako. Watafiti waliokadiria hali ya Tanzania walichapisha kazi yao mwaka 2014. Walisema kwamba katika kila wanaume wazima 100, kama 12 wana ngiri ya kinena. Basi ukikaa kwenye mkutano wa kijiji wenye wanaume 100, tazama kulia na kushoto. Wenzako wapo.

Wanawake nao hupata ngiri, ingawa ni wachache kuliko wanaume. Lakini mwanamke mwenye uvimbe kinenani asichelewe hata kidogo. Kwake hutokea mara nyingi zaidi ile aina inayokaa juu ya paja, na aina hiyo hunasa upesi.

Aidha, hakuna dawa ya kunywa inayoziba ngiri. Hakuna mzizi, hakuna kidonge, hakuna sindano. Mshono wa gunia ukifumuka, huwezi kuuziba kwa kulinywesha gunia dawa. Unachukua sindano na uzi. Anayekuuzia dawa ya kunywa ya ngiri anachukua fedha yako na muda wako.

NJIA YA KWANZA: UPASUAJI WA WAZI

Hii ndiyo njia ya siku nyingi. Daktari anakata ngozi ya kinena, urefu wa kidole hivi. Anairudisha ngiri ndani, kisha anauimarisha ukuta.

Zamani ukuta ulishonwa kwa nyuzi peke yake. Aliyeipa kazi hiyo misingi yake katika miaka ya 1880 ni daktari wa Italia, Edoardo Bassini. Karibu miaka 100 baadaye, Daktari Irving Lichtenstein wa Marekani na wenzake waliwafundisha wengine kuweka wavu mdogo juu ya mahali dhaifu, kama mtu anayetia kiraka. Nyama inaota katika matundu ya wavu, na ukuta unakuwa imara. Ngiri iliyotiwa wavu hurudi mara chache kuliko iliyoshonwa tu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haidai mambo mengi. Mara nyingi inawezekana kwa ganzi ya mahali pale pale. Mgonjwa yu macho, anazungumza na daktari, lakini hasikii maumivu. Au anachomwa sindano ya mgongoni, na sehemu ya chini ya mwili inakufa ganzi. Wengi wanaopasuliwa kwa ganzi wanaweza kwenda nyumbani siku ile ile au kesho yake.

NJIA YA PILI: UPASUAJI WA MATUNDU MADOGO

Hapa daktari anatoboa matundu matatu hivi kwenye tumbo. Kila tundu lina upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja, au zaidi kidogo. Kwanza tumbo linajazwa hewa maalum ili pawe na nafasi. Katika tundu moja anapitisha kamera nyembamba yenye taa. Katika mengine anapitisha vyombo vyembamba. Anatazama picha kwenye kioo kama cha televisheni, huku mikono yake ikifanya kazi. Anauweka wavu kwa ndani, nyuma ya ukuta.

Kwa kawaida kazi hii inataka mgonjwa alale usingizi kamili, yaani nusukaputi. Inataka mtaalamu wa usingizi, mashine, hewa ile maalum, kamera na umeme usiokatika. Zaidi ya yote, inataka daktari aliyejifunza kwa muda mrefu. Nchini kwetu upasuaji wa matundu madogo unafanyika katika hospitali kubwa kama Muhimbili.

Ona basi: katika njia zote mbili unapasuliwa. Katika njia zote mbili wavu unawekwa. Tofauti ni mlango wa kuingilia.

TUZIWEKE KWENYE MIZANI

Kwanza, maumivu. Hapa matundu madogo yanashinda. Siku za mwanzo mgonjwa anaumia kidogo zaidi kwa njia ya wazi. Pia ganzi au maumivu ya kinena yanayodumu miezi mingi huwapata zaidi waliokatwa kwa njia ya wazi.

Pili, kurudi kazini. Matundu madogo yanashinda, lakini kwa kiasi gani? Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani, uliofanywa katika hospitali 14 za askari wa zamani. Wanaume zaidi ya 2,000 waligawanywa katika njia hizi mbili, na wote waliwekewa wavu. Waliotobolewa walirudi kwenye shughuli zao za kawaida mapema zaidi, kwa siku moja tu. Je, siku moja inatosha kukufanya ungoje misimu mitatu?

Tatu, ngiri kurudi. Katika uchunguzi ule ule, baada ya miaka 2, watu kama 10 katika kila 100 waliotobolewa kwa ngiri ya mara ya kwanza walirudiwa. Kwa waliokatwa kwa njia ya wazi, walirudiwa kama 4 katika kila 100. Lakini madaktari waliokuwa wamekwisha kufanya kazi ya matundu zaidi ya mara 250 walipata matokeo mazuri zaidi, na tofauti ikawa ndogo. Unaona somo hapo? Chombo kipya hakishindi mkono uliozoea. Mchonga vinyago hodari akipewa patasi mpya, atatumia muda kuizoea.

Nne, hatari. Kwa njia zote mbili hatari kubwa ni chache. Lakini matundu yanapitia karibu na utumbo, kibofu na mishipa mikubwa ya damu. Ajali ya kuvijeruhi hutokea mara chache sana, lakini ikitokea ni nzito. Pia usingizi kamili unaweza kuwa mzigo kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu. Mtu kama huyo mara nyingi atafaa zaidi kwa njia ya wazi na ganzi.

Tano, gharama. Matundu madogo yanataka vyombo vya bei kubwa. Juu yake weka nauli, chakula na malazi ya mgonjwa na ndugu yake mjini.

Miongozo ya kimataifa ya upasuaji wa ngiri iliyotolewa mwaka 2018 inazikubali njia zote mbili. Inasema wavu utumike kwa watu wazima. Inasema pia daktari achague kwa kutazama ujuzi wake, vifaa alivyo navyo na hali ya mgonjwa. Haisemi kwamba kukatwa ni matibabu ya watu maskini.

WAVU WA UGANDA

Mtu atauliza: "Je, wavu nao si ghali?" Ulikuwa ghali kweli. Hapo madaktari wa Uganda na wenzao wa Sweden walifanya jambo la akili. Walichukua wavu wa aina ile inayotumiwa kutengeneza vyandarua vya mbu. Waliukata, wakauosha, wakaua vijidudu vyote kwa mashine. Kisha waliwapasua wanaume 302 wa mashariki ya Uganda kwa njia ya wazi na ganzi ya mahali pale pale. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa. Nusu waliwekewa wavu huu wa bei ndogo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la wavu wa bei ndogo ngiri ilimrudia mtu mmoja. Katika kundi la wavu wa bei kubwa haikumrudia mtu. Madaktari waliona hakuna tofauti ya maana kati ya makundi hayo.

Nakuomba, usikate chandarua chako ukampelekea daktari. Chandarua cha nyumbani kina vumbi na dawa ya kuua mbu. Kazi yake ni kukukinga na malaria. Somo la Uganda ni kwamba upasuaji wa wazi, ukifanywa kwa uangalifu, unaweza kuwa wa bei nafuu na bado ukawa wa hali ya juu.

ADUI NI KUCHELEWA

Sasa tufikie jambo linaloua. Ngiri inaweza kukaa miaka bila kuuma sana. Lakini siku moja utumbo unaweza kutoka na kunasa pale pale kwenye tundu. Tundu linaubana kama kitanzi. Damu haipiti. Baada ya saa chache utumbo unaanza kufa. Ukitoboka ndani, uchafu unamwagika tumboni, na mtu anaweza kufa.

Dalili za ngiri iliyonasa ni hizi:

- Uvimbe umekuwa mgumu, unauma sana, na haurudi ndani.
- Mgonjwa anatapika.
- Tumbo linajaa. Choo hakitoki, wala upepo.
- Ngozi juu ya uvimbe inageuka rangi.

Ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Usiukandamize uvimbe kwa nguvu. Usimpe mgonjwa chakula, kinywaji wala dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa mlimani ana ngiri. Mpwa wake anamwambia: "Mjomba, twende hospitali sasa hivi wakati unatembea kwa miguu yako." Mzee anajibu: "Ngoja tuuze korosho, nikatobolewe mjini." Usiku mmoja wa masika ngiri inanasa. Njia ina tope. Anatelemshwa kutoka mlimani kwa shida. Sasa daktari hana la kuchagua. Lazima akate tumbo, tena kwa upana, na pengine aondoe kipande cha utumbo. Mzee aliyeogopa kukatwa kidole kimoja anakatwa shubiri nzima. Hapo si gharama tu iliyozidi, hata uhai uko mashakani.

Mpwa alikuwa na haki, hata mbele ya mjomba wake. Kumhimiza mkubwa aende kutibiwa si utovu wa adabu.

NANI AZUNGUMZE NA DAKTARI KUHUSU MATUNDU?

Sisemi matundu madogo ni ubatili. Kuna watu ambao yanaweza kuwafaa zaidi, kama yapo na daktari wake ameyazoea:

- Mwenye ngiri pande zote mbili. Zote zinaweza kuzibwa kwa matundu yale yale.
- Aliyekwisha kukatwa kwa njia ya wazi na ngiri ikarudi. Daktari anapita mlango mwingine, mbali na kovu la zamani.
- Mwanamke mwenye ngiri ya kinena. Kwa ndani daktari anaiona vizuri zaidi ile aina ya juu ya paja.

Watu hawa wamwulize daktari kama inafaa wapelekwe hospitali kubwa. Watoto wana utaratibu wao. Ngiri ya kinena ya mtoto inapasuliwa bila wavu, na isicheleweshwe. Ile ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe kabla mtoto hajafika miaka 4 au 5. Usiifunge sarafu wala kitambaa.

FEDHA NA KAZI

Huku kwetu tuna hospitali. Ndanda wapo, Nyangao wapo. Masasi kuna Mkomaindo, na Newala kuna hospitali ya wilaya. Anza zahanati ya kijiji, upate barua na maelekezo. Usione haya ukipasuliwa na Daktari Msaidizi. Madaktari Wasaidizi wameshika visu katika hospitali za Tanzania kwa miaka mingi, na ngiri ni kazi waliyoizoea.

Kuhusu fedha, usiweke rehani mikorosho kwa ajili ya tundu dogo. Mikorosho ni chakula cha watoto wako. Uliza zahanati kuhusu bima ya afya kabla hujaugua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 kwa sababu ugonjwa haungoji mnada wa korosho.

Kuhusu kazi, baada ya upasuaji tembea mapema, lakini usibebe mizigo. Madaktari wengi huagiza kupumzika kazi nzito wiki 4 hadi 6. Hapa ndipo majirani wanapotakiwa. Walime kwa zamu, wabebe magunia, wachote maji. Mgonjwa naye aache sigara na atibiwe kikohozi. Mwenye shida ya kukojoa au choo kigumu amweleze daktari. Kukohoa na kujikamua kunaweza kuufumua mshono mpya.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

1. Je, hii ni ngiri au ni busha?
2. Utaniziba kwa wavu au kwa nyuzi peke yake?
3. Nitapewa ganzi au usingizi kamili?
4. Wewe au mwenzako mmeifanya kazi hii mara nyingi?
5. Gharama yote ni kiasi gani?
6. Nitapumzika siku ngapi?

Daktari mwema hachukii kuulizwa.

Nataka serikali ifikishe matundu madogo kusini pia, pamoja na walimu wa kuwafundisha madaktari wetu. Lakini kwanza ganzi, wavu na mikono iliyozoea ipatikane karibu na kila tarafa. Hivyo ndivyo vitakavyookoa watu wengi.

Mwaka 1973 vikundi vya Mtu ni Afya vilikaa pamoja, vikasikiliza redio na kujadiliana. Kisha watu wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tufanye hivyo. Isome makala hii kwa sauti mbele ya wenzako, hasa wale wasiojua kusoma. Huenda mmoja wao ameficha uvimbe chini ya nguo.

Na kama ni wewe, ndugu msomaji, panga siku yako ya kwenda zahanati wiki hii. Nenda ungali unatembea.